Anifa Alivyoifunga Folda ya Vitenge

Mtaa mzima wa vitenge pale Kariakoo unamjua Anifa, binti wa Kijakazi, muuza mihogo wa Jangwani. Kompyuta alijifunzia kwenye kibanda cha kuchapa barua, akiwachapia watu maombi ya kazi, mpaka akaweza kutengeneza tovuti. Leo anatunza tovuti za maduka kadhaa, likiwemo la Mama Vicky, Mchaga anayeuza vitenge kwa jumla hadi Lubumbashi.

Asubuhi moja Mama Vicky alimpigia simu akihema. "Anifa mwanangu, njoo! Wateja wananiuliza tangu lini nachezesha kamari!"

Anifa akaenda mbio. Kweli, penye picha za vitenge palijaa matangazo ya kamari. Akaingia kwenye seva, akaliona tatizo. Fundi aliyemtangulia, picha zilipogoma kupanda kwenye tovuti, aliipa folda ya picha hizo ruhusa ya saba tatu: yeyote asome, yeyote aandike, yeyote aendeshe anachotaka.

"Hapa ni kama maonyesho ya Sabasaba, mama, tena bila tiketi. Anaingia kila mtu."

Akafuta uchafu wote, akabadilisha nywila, akapanga ruhusa upya: mwenye folda aandike, wengine wasome tu. Matangazo yakatoweka. Lakini Mama Vicky alipojaribu kupandisha picha ya mzigo mpya, ikagoma.

"Si uifungue tu kama zamani? Wateja wananisubiri."

Kufungua kulikuwa rahisi, na mteja kama huyo haudhiwi ovyo.

"Samahani mama, hiyo sitaifungua. Nipe nafasi nitafute kinachozuia."

Akatafuta. Kumbe folda ilikuwa kwa jina la mtumiaji mwingine wa seva, si la tovuti yenyewe. Akawaandikia watu wa kampuni inayohifadhi tovuti wabadilishe umiliki. Walipobadilisha, picha ikapanda, na mlango ukabaki umefungwa.

Mama Vicky akatoka nje, akamwita jirani yake muuza mashuka. "Rogath! Si ulikuwa unatafuta mtu wa tovuti? Huyu hapa. Nimemlazimisha akosee, kanikatalia!"

Anifa akacheka, akainamisha uso.

Jioni alipomsimulia mama yake, Kijakazi hakuuliza habari za seva wala folda.

"Ulimwambia hapana? Mama Vicky mwenyewe?"

"Nilimwambia, mama."

Kijakazi akapiga kigelegele, majirani wakachungulia kujua nani anaolewa.