Wa Nani Wewe?

Majirani zetu wa Raskazone wakituona tunapakia magunia kwenye bajaji huuliza tunakwenda wapi, nasi hujibu kwamba tunakwenda Kigombe kwa bibi. Si uongo. Bibi, mama yake baba, anakaa Kigombe katika nyumba ya mawe ambayo ukitoka kwa mlango wa mbele unawakuta vijana wa bodaboda wakibishana mpira, na ukitoka kwa mlango wa uani unaukuta wakati wa Mjerumani. Shida ni kwamba bibi anakaa upande wa uani.

Hakuna aliyewahi kunieleza jambo hili nikaridhika. Baba anasema mlango ule aliukuta, na kwamba babu na bibi waliupita wakiwa vijana wakaja upande wetu, wakazaa, wakazeeka. Babu alipofariki, bibi alisema anataka kufia kwao, akafungua mlango akaenda kama mtu anayevuka barabara. Miaka ya kule huenda polepole kuliko ya huku. Aliondoka kigoli akarudi kizee, na wenzake aliocheza nao ndio kwanza walikuwa na watoto wadogo. Aliwaambia yeye ni shangazi yake mwenyewe, ametoka Pangani, wakamkubali.

Tangu hapo ni sisi tunaomfuata. Kila likizo tunakwenda kumpikia, kumfulia na kumpelekea dawa ya presha. Wenye kazi zao hupata udhuru wa kubaki. Mimi nilisoma mipango ya maendeleo vijijini, na tangu nihitimu sijaitwa hata kwenye usaili mmoja, kwa hiyo sina udhuru.

Naogopa kule. Naogopa hata kabla ya kufika. Usiku wa kuamkia safari huwaza kama mafua yangu yanaweza kuua kijiji, kama meno yangu yaliyozibwa yataonekana nikicheka, kama mlango utakataa kufunguka tukiwa upande usio wetu. Mama naye hutukagua mlangoni kama polisi wa mpakani Horohoro: saa, simu, hereni, vibanio vya nywele, kandambili za plastiki, vyote huingia kwenye debe la mchele. Tunavuka tukiwa miguu mitupu, tumejifunga kaniki alizotushonea yeye mwenyewe. Mama alikuwa na kanuni ya kila kitu. Hakutufundisha kuamkia, kwa sababu nani anamfundisha mtoto wa Tanga kuamkia? Hilo tulikuwa nalo tangu tunyonye.

Kigombe ya upande ule ni mwisho wa mji na mwanzo wa pori. Kuna nyumba za makuti kando ya pwani, nyumba chache za mawe kama ya bibi, kisima, na msikiti mdogo. Nyuma yake Mzungu mmoja alikuwa amejenga ghala la mabati na kusimamisha bendera, na kutoka hapo kwenda juu miti ilikuwa inaanguka. Tuliisikia ikianguka mchana kutwa tukiwa jikoni. Kwenye weupe ulioachwa na miti, mkonge ulikuwa umepandwa kwa mistari, mfupi, haujafika hata gotini. Mimi mkonge naujua ukiwa mashamba makubwa, umezeeka. Kuuona mdogo vile kulinitia hofu kuliko askari wa Mzungu, kwa sababu niliujua mwisho wake, na nilijua kuwa utahitaji watu.

Siku ninayoikumbuka, baba alikuwa amerudi upande wa huku kutafuta dawa Tanga mjini. Bibi alitutuma mimi na mdogo wangu, wa kidato cha pili, turudishe ungo wa jirani. Mdogo wangu ana ulimi. Njiani alikuwa ananicheka kwa jinsi nilivyokuwa natembea nikitazama nyuma.

"Dada, wewe ungeolewa na kufuli," aliniambia. "Mngelala salama."

Tulipita mbele ya nyumba yenye baraza ya udongo. Mwanamume wa makamo alikuwa amekaa hapo na kikombe cha kahawa, kanzu yake safi, fimbo pembeni. Tukamwamkia, sote wawili kwa pamoja, kama tunavyomwamkia mzee yeyote kuanzia Chumbageni hadi Moa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akajibu. Lakini alikuwa akimtazama mdogo wangu peke yake. "Wa nani wewe?"

Swali hilo tunaulizwa kila siku. Mzee akikuuliza wewe wa nani, anataka kumjua baba yako ili aseme alisoma naye au alimzika babu yako. Mdogo wangu alijua hawezi kumtaja baba, kwa sababu baba kule hana jina. Akajibu jibu la karibu, tena kwa adabu.

"Wa bibi. Pale nyumba ya mawe."

Yule mtu aliweka kikombe chini. Alisema bibi wa nyumba ya mawe anamjua, ametoka Pangani, na hakuja na mjakazi. Akamwita mtu aliyekuwa ndani, akamwambia kuna mtumwa hapa asiye na mwenyewe, na mwongo juu ya hayo.

Nimekaa na dakika ile mara nyingi, nikiigeuza. Baadaye bibi alitueleza, na ukieleweshwa ni jambo jepesi kabisa. Kule, shikamoo ni kushika miguu. Mtumwa humwambia bwana wake, na mtoto huwaambia wazee wa nyumbani kwao. Muungwana, yaani mtu asiye mtumwa, akimkuta mgeni barazani humwambia sabalkheri, basi. Na bibi kule si mama wa baba tu. Bibi ni mwanamke mwenye watu, yaani watumwa. Kwa hiyo mdogo wangu, kwa sentensi mbili za adabu, miguu mitupu na kaniki, vazi la watumwa, mwilini, alikuwa amesema: nakushika miguu, mimi ni mali ya mwanamke fulani.

Lakini mimi pia nilisema shikamoo. Nilisema kwa sauti ileile, na miguu yangu ilikuwa mitupu vilevile. Mimi hakuniuliza. Nimechukua rangi ya upande wa baba, ambao asili yao ni Uarabuni. Mdogo wangu amemfuata mama, Mbondei wa Muheza, na ndiye mweusi kuliko sote. Nyumbani hilo ni jambo la utani tu.

Nilimwambia yule mtu kwamba huyu ni mdogo wangu. Aliniuliza, bila hasira, kama ni wa baba mmoja. Nikasema baba mmoja na mama mmoja. Akacheka, akamwambia mwenzake kwamba mtoto wa watu amemzoea mjakazi mpaka amemfanya ndugu. Kisha akaniambia nirudi nyumbani, jua kali. Mtu wake alikwisha mshika mdogo wangu mkono, na alimshika kama unavyoshika mbuzi, bila ya kumtazama. Walikuwa wanampeleka kwa akida, yule mkubwa aliyewekwa na Wajerumani kuhukumu. Watu wasio na wenyewe walikuwa wanatolewa kwa Mzungu wakakate pori, na msimamizi wake alikuwa anakuja kuwachukua alasiri. Mdogo wangu hakupiga kelele. Aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa unangoja nicheke, kama vile nilikuwa nimepanga mzaha nikauchelewesha.

Nikakimbia. Ungo sijui niliuacha wapi.

Mama alikuwa anatwanga uani. Nilipomaliza kueleza alikuwa amekwisha shika njia, na bibi alimwita mara moja tu, kwa sauti ya chini.

"Mkwe wangu, wewe baki."

"Ni mwanangu, mama."

"Ndiyo maana. Ukienda wewe, nitakwenda kuwatafuta wawili."

Mama alimwelewa kabla yangu. Alikaa chini pale pale mlangoni, mchi mkononi, akitazama mikono yake. Sijapata kumuona mama akitazama mikono yake vile.

Bibi hakufanya haraka, na hilo lilinitia wazimu. Alijitanda ushungi wake mzuri, akavaa mitalawanda, vile viatu vya mti vinavyolia ko, ko, ko, akanipa mimi viatu vya ngozi vya marehemu babu na shuka ya kujifunika. Aliniambia nitembee ubavuni pake na nisifungue mdomo. Jua lilikuwa limekwisha pinda. Nilikuwa natazama vivuli na kuwaza: kama msimamizi amekwisha kuja, tutamfuata vipi? Kama mdogo wangu amekwisha vushwa mto? Kama mlango utafungwa yeye akiwa upande ule, ambako miaka huenda polepole, je, siku nitakayokuwa mzee Raskazone yeye atakuwa bado na miaka kumi na minne, porini, na panga?

Kwa akida palikuwa na paa la mabati na benchi. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini pamoja na watu wengine, wanaume watatu na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alipotuona alitaka kuinuka. Mtu mmoja akamgusa begani kwa fimbo, akakaa.

"Masalkheri, akida," bibi alisema.

"Masalkheri, bibi. Karibu."

Bibi alisema amekuja kumchukua mtu wake. Akida, mwanamume mwembamba mwenye kikohozi, akamuuliza ni mtu wake kwa namna gani, maana mwenyewe tangu afike analia kwamba ni mjukuu. Alilitaja neno hilo huku akitabasamu kidogo. Nilimtazama bibi. Nilikuwa nangoja aseme kweli. Nilikuwa nimepanga kichwani mpaka maneno ya kuthibitisha: alama ya kuzaliwa shingoni, jina la mama, kila kitu.

"Amelelewa ndani, kwa hiyo husema hivyo," bibi alisema. "Ni mzalia wangu."

Mzalia ni mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Neno hilo nilikuwa silijui siku ile, lakini nilijua limefanya nini, kwa sababu mabega ya kila mtu barazani yalishuka. Lilikuwa jibu lililokaa mahali pake. Yule mtu wa kahawa, aliyekuwapo, alisema bibi huyu alikuja bila mtu. Bibi akamwambia kuwa mwanamke hatangazi vilivyomo ndani kwake kwa kila mnywa kahawa, na watu wakacheka. Akida akakohoa, akamgeukia mdogo wangu. Alitaka akiri mwenyewe.

"Huyu mama ni nani wako?"

Mdogo wangu aliinua uso. Alikuwa amesikia jina aliloitwa. Nilimuona anamtazama bibi, aliyemsuka nywele asubuhi ileile, na bibi hakumfanyia ishara yoyote, hata ya jicho. Nilijua akisema yeye ni mjukuu wake, bibi atakuwa mwongo mbele ya akida. Na sikujua kama ningeweza, mimi mwenye umri wangu na shahada yangu, kutamka lile lingine.

"Ni bibi yangu," alisema.

Akida akatikisa kichwa, akaridhika. "Haya, mchukue. Na umfunze, asiamkie ovyo njiani. Mzungu anataka watu."

Tukatoka. Nilitaka kumkumbatia, na bibi akanizuia kwa kiwiko, akasema macho ya watu yako nyuma yetu. Akamwambia mdogo wangu atembee nyuma, si karibu, na achukue ile shuka yangu mkononi ili aonekane amebeba kitu. Tulikwenda hivyo njia nzima, mitalawanda ikilia, mimi ubavuni, yeye nyuma. Nilisikia nyayo zake na sikugeuka.

Nyumbani mama alimshika, akamkagua mikono, shingo, meno, kama ameanguka kutoka juu ya mti. Mimi ndimi niliyemuuliza bibi. Nilimuuliza amelipata wapi lile neno, kwa kuwa lilimtoka upesi mno kwa mtu anayebuni.

Bibi alikuwa anavua mitalawanda. "Katika nyumba ya baba yangu walikuwapo," alisema. "Ulidhani maji yalijichota?"

Aliendelea kusema, taratibu, kwamba sasa mtoto amekwisha onekana, na akida amemhesabu kuwa wake. Wakimkosa watasema ametoroka, na watakuja kumuuliza yeye. Atawaambia ametoroka kweli, ameuma mkono uliomlea, na watamwonea huruma. Lakini asirudi tena. Alimpa mkono mdogo wangu amuage. Mdogo wangu aliutazama ule mkono, akaubusu, wala hakusema shikamoo, na bibi naye hakuomba kuambiwa.

Mama alibaki na bibi usiku ule mpaka baba arudi na dawa. Sisi wawili tulivuka jioni hiyohiyo. Tulitoa simu zetu kwenye debe la mchele, tukavaa kandambili, tukatoka kwa mlango wa mbele. Vijana wa bodaboda walikuwa palepale, wakatuita wateja, mmoja akatuuliza kama bibi hajambo.

Nilianza kutembea kuelekea barabara kubwa na baada ya hatua kadhaa nikaona natembea peke yangu. Mdogo wangu alikuwa nyuma, si karibu, ile shuka bado mkononi. Nikasimama ili anifikie. Naye akasimama.

"Njoo hapa tutembee pamoja," nilimwambia.

"Ngoja kwanza tufike, dada."

"Tumeshafika."

Alitazama pikipiki, nguzo za umeme, duka la vocha. Alivitazama vyote kimoja kimoja, kisha akangoja nitangulie.