Hapa Si Pori

Ndege ya kupiga picha ilipopita juu ya Muleba, watu walikimbilia migombani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mingi, lakini masikio yalikuwa bado hayajaambiwa. Mimi nilikuwa ofisini Bukoba nikizisubiri hizo picha. Kazi yangu ilikuwa kuzisoma na kusema barabara mpya ingeharibu nini: chemchemi, msitu, nyumba za watu.

Kwenye picha, migomba inayotunzwa huonekana myeusi, nyasi nyeupe, pori la kijivu. Mkuu wangu, mtu mpole wa Tanga, alikuwa ameupitisha mstari wa barabara kwenye kijivu.

"Hapa ni pori tu," akasema. "Hatumsumbui mtu."

Nikatazama. Palikuwa Kishanda, kwetu.

"Hapa si pori," nikamjibu, na sauti ilinipanda. "Ni kibanja cha mama yangu, shamba lake la migomba. UKIMWI umemmalizia wanawe watatu wa kiume, na wote wamezikwa humo humo migombani. Mama nimemchukua, anakaa kwangu. Nani angepalilia?"

Alinisogezea penseli na kifutio. Upande mmoja kulikuwa na kinamasi, basi nikauhamishia mstari upande wa pili, kwenye kijivu kingine. Nikarudi nyumbani na picha yangu, natembea kwa maringo.

Mama alikuwa akimenya ndizi. Hilo neno pori lilimuudhi kweli. "Huyo mkuu wako macho anayo?" Kisha akataka kuuona mstari mpya. Nikamwonyesha. Akakiweka kisu chini.

"Hapo ni kwa seremala," akasema.

Ni kweli. Jirani yetu huyo ndiye aliyewachongea kaka zangu majeneza. Baadaye ugonjwa ule ule ukamchukua naye, na mkewe, na watoto wao wote, wakazikwa hapo hapo kwao.

"Rudisha mstari kwetu," mama akasema.

"Mama, waitu," nikamsihi, "hao ni kina kaka."

"Wangu wana mimi wa kuwafukua na kuwalaza pengine. Wa seremala wana nani?"

Nililia kwa hasira, wala sikujificha. Nilikuwa nimeshashinda, na aliyeninyang'anya ushindi ni yule yule niliyempigania. Yeye aliendelea na ndizi zake, akaniambia nikimaliza nikateke maji.

Asubuhi niliufuta mstari wangu, nikauchora tena ule wa mkuu. Pembeni yake nikaandika: makaburi matatu, mama yao yupo.