Ushuhuda Niliouwahisha

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na nikiikumbuka bado nashika mdomo. Nilisimama mbele ya kikundi chetu cha sala huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, nimevaa kikwembe kipya, nikatangaza kwamba nimepona. Kina mama walipiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha. Wala sikuwa nadanganya. Siku hiyo nilijiona mzima kweli.

Nilikuwa bado kijana. Nilikuwa nimefika Bukavu kutoka upande wa Walungu, baada ya miezi mingi msituni, mikononi mwa watu wenye silaha. Binti yangu Furaha, aliyebaki kwa bibi yake muda wote huo, alikuwa na miaka sita. Nilikuwa silali. Mlango ukigongwa natetemeka, na nilijichukia bila kujua kosa langu. Mama mmoja wa kliniki, aliyesomea majeraha ya aina hiyo, alinipokea kila Alhamisi. Miezi ya kwanza hakuniuliza hata habari za msitu. Alinifundisha kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, kupumua polepole, kutaja vitu ninavyoviona chumbani mpaka nijue niko Bukavu, si kule. Usingizi uliporudi kidogo tu, ndipo nikakimbilia kutoa ushuhuda.

Sasa baada ya kushangiliwa vile, nitarudije kliniki? Watu wangeniona langoni. Nikaona haya, nikaacha. Kichwa changu kilikuwa kigumu, mwanangu, usicheke sana.

Alasiri moja nilikuwa nasonga fufu, Furaha akaangusha kifuniko cha sufuria nyuma yangu. Kilichofuata sikijui. Nilipozinduka nilikuwa nimembana mkono, naye analia, "Maman, ni miye! Ni miye Furaha!" Tangu siku hiyo mtoto akawa anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, anataja jina lake mlangoni kabla ya kuingia. Mtoto wangu alikuwa ananiogopa. Hata ya msituni hayakuniuma namna hiyo.

Maman Nyota, mkubwa wa kikundi cha sala, bibi niliyemwogopa kuliko padri, alimkuta akibisha. Akaingia, hakungoja hata kiti.

"Mama Furaha, mutoto anabishaka hodi kwabo? Ni ya nini?"

Nikamweleza yote. "Nilitoa ushuhuda, Maman. Batu bakiniona kule kliniki, batasema nilidanganya Mungu."

"Miye nakunywaka dawa ya tension, ile damu kupanda, tangu miaka kumi," alisema, "na kila Jumapili naimba alleluia mbele yenu bote. Kuko mutu aliniita muongo? Mungu alianza kazi, weye ukamukatia njiani. Jeudi tunaenda pamoja."

Alhamisi alikuja amevaa kikwembe cha kikundi, kile cha sikukuu. Nilitaka tupite nyuma ya nyumba za watu. Akakataa katakata. Alinishika mkono tukashuka kwa barabara kubwa, anasalimia kila mtu, na aliyeuliza tunakwenda wapi aliambiwa kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze. Basi pale langoni tuliwakuta wawili wa kikundi chetu, wale waliopiga vigelegele kuliko wote, wanangoja zamu zao, wamejibanza chini ya mwavuli mmoja wala mvua hakuna.

Matibabu yalichukua miaka. Kuna majuma nilirudi nyuma, kuna majuma sikusema neno, na yule mama wa kliniki aliningojea. Habari za msitu nilizitoa kidogo kidogo, mpaka nikaweza kuzisimulia kisha nikaenda nyumbani kupika. Furaha akaacha kubisha. Sitamaliza kuwashukuru mama yule na Maman Nyota, na kila siku ninamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Kwa hiyo, mwanangu, kama mateso yalikaa ndani yako muda mrefu, usiyape wiki chache za kutoka. Ukipata nafuu, shangilia, lakini siku yako ya kliniki usiikose. Ukianguka tena, rudi. Kurudi hakumwaibishi Mungu wala hakukufanyi mwongo. Na ukimjua mwenzako anayeona haya, msindikize mchana, watu wakiwaona.

Mungu akupe wa kukushika mkono, akupe na moyo wa kungoja. Na watoto wako wakuone kwa mbali, wakimbie, wakurukie shingoni.