Mgongo wa Wandera, na baiskeli tuliyoilaumu bure

Wakuu, salamu huko mliko. Hii ni ya nyumbani kwetu Busia, miaka ya tisini, na sitaitia chumvi.

Brother yangu mkubwa, Wandera, alikuwa boda boda. Enzi hizo boda boda ni baiskeli, si pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu na mizigo pale border.

Mgongo ukaanza kumuuma. Nani angeshtuka? Boda boda wote mgongo uliwauma. Dawa yao ni moja: unakata tyubu kuukuu ya gurudumu, unajifunga kiunoni, unarudi stage kungoja abiria. Wandera akajifunga. Wenzake wakamtania eti uzee umeingia.

Akakonda, viganja vikawa vyeupe. Kwa mji wa mpaka enzi zile, watu walishafunga kesi: ni ule ugonjwa. Akapimwa ukimwi, hana.

Mama akasema adui ni baiskeli, iuzwe. Ikauzwa kwa Okumu, mwenzake wa stage. Wandera hakubishana, lakini iliniuma kumwona akiiangalia ikipita.

Maumivu hayakuondoka.

Siku moja alipiga chafya, ubavu ukavunjika. Chafya, jamani! X-ray ikaonyesha na uti wa mgongo umebonyea. Wakasema TB ya mifupa. Akameza dawa miezi mingi, wapi.

Mwishowe tukampeleka hospitali kubwa. Daktari wa huko aliuliza mbona mtu mmoja ana mifupa laini, damu kidogo na figo zilizochoka. Akatoa uboho kwenye nyonga, ukapelekwa lab.

Ilikuwa saratani ya damu. Myeloma.

Mama hakuelewa damu na mgongo zinahusiana aje. Daktari akamweleza kwamba damu hutengenezwa ndani ya mifupa, na ugonjwa huu huila mifupa kutoka humo ndani.

Wandera akauliza, "Kwa hivyo daktari, si baiskeli?"

"Si baiskeli."

Akamgeukia mama. "Mama, umesikia?"

Tulikuwa tumechelewa. Hakumaliza mwaka.

Mazishini boda boda walikuja na baiskeli zao, wakaziegesha nje ya boma. Mama akamwita Okumu, akamwambia ile ya Wandera ailete ndani, karibu na jeneza. Akaipangusa vumbi kwa leso yake.

Nilichojifunza: uchovu wa kazi huisha ukipumzika. Usipoisha, fungua hiyo tyubu, uombe damu ipimwe.

Na kwenu wakuu, mlilaumu nini kabla ya kujua ukweli?