Mashine Niliyoisingizia

Enzi zetu, mtoto wa kijiji chetu cha Ekalakala alizijua mashine za kupukuchua mahindi kama watoto wa leo wanavyowajua wachezaji wa mpira wa Ulaya. Zilikuwa mbili tu, zikivutwa na trekta kutoka boma hadi boma baada ya mavuno, na kila mmoja wetu alikuwa na yake aliyoishabikia. Ungeuliza darasa letu la tano mji mkuu wa Zambia, ungepata kimya. Ungeuliza ni mashine gani ilikwama juzi kwa jirani, na ilikwama mara ngapi, mikono yote ingekuwa juu.

Ya kwanza tuliita Kikohozi. Ilikuwa kuukuu, rangi yake ya kijani imeliwa na kutu, na kabla ya kuanza kupukuchua ilikohoa mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Mkanda wake ulikatika, ukafungwa kwa kamba ya katani, ukakatika tena. Ilivunja punje, na magunzi iliyoyatema nyuma yalitoka na mahindi mengi bado yameng'ang'ania. Ya pili ilikuja baadaye, mali ya mfanyabiashara wa mjini, nyekundu, ikinguruma kwa sauti moja kuanzia asubuhi hadi kazi iishe. Punje zilitoka nzima, na magunzi yakatoka matupu. Hiyo tuliita Bwana Afya, kama yule mkaguzi wa afya wa serikali, kwa sababu ya usafi wake.

Mimi nilikuwa wa Bwana Afya, na hukuniambia kitu. Kisilu, aliyeketi nyuma yangu darasani, alikuwa wa Kikohozi, kwa vile mwenye Kikohozi alikuwa mjomba wake. Tulibishana tangu kengele ya asubuhi. Nilifikia hatua ya kubeba magunzi ya mashine zote mbili ndani ya mfuko wa vitabu, nikayapanga juu ya dawati na kuhesabu punje zilizobaki mbele ya mashahidi. Mwalimu wa hesabu alinikuta, akanicharaza viboko viwili, halafu akauliza ni ipi iliyoshinda.

Siku ya mashine kuja nyumbani ilikuwa sikukuu. Mama alipika isyo sufuria kubwa, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu alfajiri, na watu wa mashine walinunuliwa mkate, maana wageni wa trekta hawangepewa chai tupu. Sisi watoto tulizunguka zunguka karibu na ule mkate tukijifanya tuna kazi. Vumbi la mahindi lilitupaka kope nyeupe, likatuwasha shingoni hadi siku ya pili. Harufu ya dizeli iliyochanganyika na ya mahindi makavu bado naipenda kuliko manukato yoyote niliyowahi kununuliwa.

Na kila mara mashine ilipokuja, alikuja Susu Nduku. Susu ni nyanya kwa Kikamba, ingawa hakuwa nyanya yetu wa damu. Alikuwa jirani, mjane, na shamba lake lilikuwa kipande cha mawe kilichotoa mbaazi kidogo, kikachoka hapo. Alikuja na ungo wake na gunia lililokunjwa vizuri kama leso ya kanisani, akaketi nyuma ya mashine kwenye rundo la magunzi, akachambua na kupepeta mpaka jioni. Alichookota kilikuwa chake. Mama hakuruhusu mtoto yeyote kufagia pale. "Hapo si kwetu," alikuwa akisema, na sisi tukaelewa bila kuelezwa zaidi. Kwa Kikohozi, Susu Nduku aliondoka na debe mbili, wakati mwingine tatu, na hizo ndizo zilizomfikisha mvua nyingine. Kumpa mkononi hukuweza. Alikuwa akisema yeye si ombaomba.

Sasa tazama akili ya mtoto. Mwaka huo nilimng'ang'ania baba atuitie Bwana Afya. Nilimhesabia punje, nikamwonyesha magunzi yangu. Baba alipenda sana kuitwa mtu wa maendeleo, kwa hivyo hakuhitaji kusukumwa mara mbili. Mama alisema tu, "Ile ya zamani tumeizoea." Hakuna aliyemsikiliza.

Bwana Afya alikuja, na sitadanganya, alifanya kazi ya ajabu. Kufikia saa nane magunia yalikuwa yamepangwa ukutani, mkanda haujakatika hata mara moja, na mimi najipiga kifua kana kwamba ni mimi niliyeunda ile injini. Ndipo nikatazama nyuma. Susu Nduku alikuwa ameketi mahali pake, ungo mapajani. Aliinua gunzi, akaligeuza, akaliweka. Akainua jingine. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akakung'uta rinda, akalikunja gunia lake upya.

"Hii mashine ni nzuri," aliniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Inashinda ile ingine." Akaenda zake.

Hakuna kiboko nilichopigwa utotoni kilichoniuma kama yale maneno yake mema.

Mama alinituma na debe la mahindi. Susu Nduku hakulitazama hata kidogo. "Mwambie mama yako asante, lakini mimi niko na mikono." Nikarudi nalo kichwani, nikilia njia nzima, na mama aliponiona hakunigombeza. Alingoja baba aende sokoni. Kisha akachota debe mbili kutoka gunia lililokuwa karibu na mlango, akazimwaga juu ya lile rundo la magunzi, akazichanganya kwa fimbo kama mtu anayekoroga uji.

"Mueni, kuja hapa," akasema. "Enda umwambie Susu mashine iliharibika mwisho mwisho. Mwambie ilimwaga."

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa. Hakuwa amewahi kunituma uongo, na mimi nilisimama pale nikimtazama. Lakini haki ya Mungu, kilichonishinda zaidi hakikuwa dhambi. Kilikuwa ni kwamba uongo wenyewe ulihusu mashine yangu. Mama aliniona, akapiga magoti ili tutazamane. "Wewe ndiye utaaminiwa," akasema. "Na usiseme ukweli popote. Hiyo siri ni ya tumbo la mtu."

Nilienda. Nilimkuta Susu anachochea moto ambao haukuwa na sufuria juu yake. "Susu," nikasema, "Bwana Afya iliharibika. Imemwaga mahindi kila mahali. Ni mashine ya bure kabisa." Hayo ya mwisho niliyaongeza mwenyewe. Aliinuka, akachukua ungo.

Kesho yake habari ilikuwa imefika shuleni. Kisilu alipanda juu ya dawati, akaigiza Bwana Afya akimwaga mahindi, na darasa zima likacheka hadi machozi. "Ni ukweli au si ukweli?" akaniuliza. Magunzi yangu matupu yalikuwa ndani ya mfuko, ushahidi wote nilikuwa nao. Nikasema, "Ni ukweli. Ilimwaga." Walinicheka mpaka muhula ukaisha. Na msimu uliofuata mama alimwambia baba kwamba ile mashine mpya inamwaga sana. Baba, aliyeyaona magunzi matupu kwa macho yake mwenyewe, alimtazama, akajikuna kidevu, akaenda kumwita mjomba wa Kisilu.

Miaka mingi baadaye nilimpelekea Susu Nduku mtoto wangu wa kwanza amtemee mate ya baraka. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia, lakini mdomo wake bado ulikuwa na wembe. "Mueni," akasema, "ni mashine gani ile ya kupukuchua mahindi na kuyatia jivu?"

Ndipo nikaelewa. Gunia lile la karibu na mlango mama alikuwa ameshalichanganya na jivu, kuzuia wadudu. Alilichota kwa haraka bila kukumbuka.

"Nilijua tangu kiganja cha kwanza," akasema, akicheka hadi leso ikamwanguka.

"Na mbona ulichukua, Susu?"

Akaacha kucheka. "Debe la mama yako ningelirudisha tena. Lakini wewe nilikuwa nakusikia ukipita njiani kila siku ukiisifu ile mashine. Mtoto akikubali kuchekwa kwa sababu yako, utamrudisha aende wapi?"

Nililia pale pale, mtoto mikononi, wala sikuona haya.

Juzi nilikuwa nyumbani, na Muthama, mtoto wa kaka yangu, akanishika mkono nitazame simu yake. Kikundi chao cha vijana kimekodi shamba tambarare, wanataka kombaini ya kuvuna mtama, na yeye analinganisha mbili. Kijana huyu hajawahi kuwashwa na vumbi shingoni siku moja, lakini anajua ipi inakula mafuta na ipi vipuri vyake havipatikani. "Anti, hii haipotezi hata punje," akaniambia. Nikamwuliza ni nani huja nyuma yake. Akadhani nauliza trekta ya kubeba magunia.

Sibishani naye. Mashine za leo zimezishinda zetu mbali sana, na watu wamechoka kukatikiwa na mikanda. Anunue ile nzuri. Kinachoniuma ni changu mwenyewe. Sisi tulikulia kwenye boma ambapo ulijua ni moto wa nani hauna sufuria. Leo naishi mjini, mtaa wa Syokimau, ukuta mmoja na mwanamke mzee anayekaa peke yake. Ni mwaka wa nne huu, tunasalimiana kwa kichwa, na jina lake silijui. Mwezi huu sijasikia harufu ya chakula kutoka kwake. Nikibisha na sahani mkononi najua atakavyonijibu, kwa maana uso wake ni ule ule wa Susu Nduku, niliokua nikiutazama. Wiki hii yote natafuta uongo mzuri wa kumpelekea.