Sekunde za Mzee Khamisi

"Mwakeye, mama Hasna. Njoo nikwambie, ila hujasikia kwangu." Eufrasia, jirani wa nyumba ya pili, alisalimu, akatua dumu lake la mawese mlangoni kwa Mwamini, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mzee Khamisi ana mwanamke."

"Mzee Khamisi yupi?"

"Kwani hapa mtaani tunao wangapi? Huyu huyu wa nyuma yako. Kila asubuhi, saa moja haijagonga, anajibanza nyuma ya choo na redio anaifungulia tusisikie. Mimi nasikia. 'Simama,' anamwambia. 'Simama hapo hapo, mama, usinikimbie. Haya, nenda!' Mtu mwenye wajukuu sita!"

Mwamini alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni.

Kesho yake hakwenda kuchungulia, hapana. Alikwenda kuanika nepi, ila siku hiyo aliona kamba ya karibu na choo ndiyo inayopata jua zuri. Mzee Khamisi alikuwa amechuchumaa, redio kwapani, saa ya mkononi ameisogeza puani. Kitufe cha pembeni alikuwa amekivuta, na mshale wa sekunde umesimama juu kabisa. Redio ikatoa ile milio yake ya kabla ya habari, ti, ti, ti, na ule wa mwisho mrefu. Mzee akabonyeza kitufe.

"Haya, nenda!" akasema kwa mapenzi.

Mwamini alirudi ndani taratibu, nepi mbili bado mkononi.

Ile saa ililetwa na Abdul, mwana wa Mzee Khamisi anayefanya kazi Maskati. Alimwambia baba yake kwamba haina betri wala haitiwi ufunguo; mkono ukitembea, yenyewe inajikaza springi. Bei asiulize. Mzee akauliza. Alipojibiwa kwamba ni sawa na bati la nyumba nzima na mbao zake, akaamua saa ya namna hiyo haiwezi kukosea hata sekunde moja, akawatangazia watu.

Kumbe ilikuwa inakosea. Siku moja inatangulia, nyingine inabaki nyuma, na Jumamosi moja ilisimama kabisa, huku simu ya Eufrasia yenye kioo kilichopasuka ikiwa sawasawa na redio.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kucheka. Lakini Mzee Khamisi alipiga kengele ya shule ya msingi miaka ishirini na nane. Ringi ya gari ilining'inia kwenye mti, naye na chuma chake. Kengele yake ndiyo iliyowaambia wanawake kubandika maharage, ndiyo iliyowaamsha waliosinzia dukani. Mwamini alisoma chini ya ringi ile mpaka darasa la saba. Anakumbuka siku mwalimu mkuu alipotoka mbio kumtaka apige mapema, mgeni amefika. "Mgeni ndiye kawahi, mwalimu," mzee alimjibu. "Saa haijawahi." Mgeni akasubiri dakika nne juani.

Alipostaafu watu wakanunua simu, na hakuna aliyemuuliza tena saa ngapi. Mpaka ilipokuja saa hii. Sasa wapita njia walisimama wenyewe, "Mzee, saa ngapi?" ili waione inavyong'aa, naye anawatajia mpaka sekunde. Ndicho kilichokuwa kikimpeleka nyuma ya choo, kuirekebisha kwa siri.

Ila barazani, penye kahawa, alikuwapo Nehemia fundi saa.

"Mzee, mashine ya springi ni kama mtu," Nehemia alisema. "Kwa siku ikikosea sekunde nne, tano, hiyo ni nzima, ina afya. Hata ya tajiri."

"Hizo ni zile unazozifungua kwa kisu cha mkate."

"Sawa. Nipe siku saba."

"Nikupe wewe! Irudi na utumbo wa redio!"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikazaa mashindano. Saa itakaa siku saba kwa mtu wa katikati, kitufe kisiguswe. Siku ya nane itapimwa kwa redio. Atakayeshindwa atawamiminia wenzake kahawa mwezi mzima, kanga kiunoni.

"Mpelekeeni Mwamini," mzee akasema. "Yule alivunja kioo cha darasa la nne akaja kusema mwenyewe."

Hivyo Mwamini akapewa saa yenye bei ya bati, na sharti aivae, isije ikalala. Alifua nayo ameipandisha kiwikoni. Alianika dagaa nayo, akasonga ugali wa muhogo nayo, akambembeleza Hasna nayo. Kila asubuhi, redio ikilia, alichora ukutani kwa mkaa idadi ya sekunde ilizotangulia. Siku ya kwanza michoro minne. Ya pili minane. Ya tatu kumi na miwili.

Alikaa akiitazama ile michoro. Alimwona Mzee Khamisi na kanga kiunoni, birika mkononi, na wale aliowapigia kengele wakimwita, "Mhudumu!" Moyo ukamuuma.

Siku ya nne Hasna alikuwa anaota meno. Alichoshika kilikwenda kinywani, na bati la nyumba lilikwenda kinywani mara mbili. Mwamini akaivua saa, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda, ikashinda hapo imening'inia kwa mkanda wake. Asubuhi redio ilipolia, alihesabu mara moja, akarudia. Nane! Imerudi nyuma.

"We saa," akainong'oneza, "kumbe ukitundikwa unachoka?"

Alijiuliza kama ni dhambi. Walisema kitufe kisiguswe, naye kitufe hajakigusa. Msumari haukutajwa na mtu. Basi siku zilizobaki akawa anaivaa wakati wa kufua tu, isije ikasimama, kisha inapanda msumarini. Ikawa tano. Ikawa mbili. Siku ya nane mshale ulifika juu pamoja na mlio mrefu wa redio, mbele ya baraza zima.

"Nilisema nini?" Mzee Khamisi aliruka kama mtoto wa chekechea. "Nilisema nini mimi?"

Nehemia hakubisha. Alimgeukia Mwamini. "Mama Hasna, kitufe?"

"Hakikuguswa."

"Ulikuwa ukiilaza vipi?"

"Sikuilaza. Nilikuwa naitundika."

"Ndiyo heshima ya saa!" mzee akadakia. "Itundikwe!"

Nehemia alicheka mpaka akakohoa, akamwangalia Mwamini kwa jicho la fundi aliyepatikana, kisha akaomba kanga na kujifunga mwenyewe. Njano, yenye maua.

Kwa siku tatu Mzee Khamisi aliketi barazani kama sultani, mkono ameuweka juu ya goti ili kila mtu auone, hautikisiki. Siku ya nne Eufrasia akamuuliza saa ngapi. Mzee akatazama. Akatazama tena.

"Nakuja," akasema, akaondoka.

Alimkuta Mwamini jikoni, mtoto analia mgongoni, sufuria inachemka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwanangu, imekufa. Tangu saa nne. Usiku naitundika kama wewe, haitaki."

Mwamini akamwonea huruma, akamweleza yote, michoro, msumari na meno ya Hasna. "Msumari ni wa kuipunguza tu, Mzee. Kinachoitia nguvu ni mkono. Wangu unafua, unasonga, unabembeleza. Wako siku hizi umekaa gotini."

Mzee alitazama mkono wake, uliopiga chuma miaka ishirini na nane. Akamtazama Hasna, aliyekuwa amekunja uso kulia upya. Akachungulia nje asimwone mtu.

"Mwamini."

"Abee."

"Nikuombe kitu. Niazime mtoto. Nimbembeleze asubuhi kidogo, jioni kidogo, mkono wa saa ndio uwe wa chini." Alikuwa ameshanyoosha mikono. "Na Eufrasia akiuliza, mwambie ni yeye Hasna aliyeniita."