Kichwa cha Mng'oko Kinabaki Shimoni

Picha ile bado iko kwenye simu yangu. Ndani yake kuna mkeka, na juu ya mkeka nimepanga ming'oko niliyoichimba peke yangu asubuhi moja ya mwezi wa saba. Nimeiosha ikang'aa, nimeipanga kuanzia mirefu mpaka mifupi, na hakuna hata mmoja uliovunjika. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimejaribu mara nyingi kuifuta, nikashindwa, ingawa najua ni picha ya uharibifu.

Mng'oko ni kiazi cha porini, chembamba, cha urefu wa shubiri moja hivi. Huchemshwa kwa chumvi, ukamenywa kwa vidole na kuliwa na chai. Aliyewahi kusimama stendi ya Newala au Masasi wakati wa kiangazi ameiona ming'oko kwenye mabeseni ya akina mama. Mimi nami niliiona hivyo miaka yote, bila kujiuliza inatoka wapi.

Nilifeli kidato cha nne. Mama akanipeleka Kitangari kwa dada yake, nikae huko nitulie. Nilikuwa nikijisomea mwenyewe kwa vitabu vilivyotoka majalada, na nilikuwa na tabia iliyonitesa: nikikosea neno moja, nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Daftari zangu zilibaki na majalada na kurasa chache tu.

Mama mkubwa ni mjane. Ana mikorosho michache, mizee, inayodai salfa, dawa ya ukungu, kila inapokaribia kutoa maua. Kati ya mahindi kuisha ghalani na korosho kuanza kudondoka, anaishi kwa ming'oko. Ndiyo inayomnunulia chumvi, sabuni na hiyo salfa yenyewe.

Siku ya kwanza aliponichukua, tulishuka kwenye kichaka cha mteremkoni na shoga yake, mwanamke wa Kimakua aliyeolewa hapa kutoka upande wa Masasi. Majani yalikuwa yamepukutika. Kila mti ulikuwa umezongwa na vijishina vikavu vya kila namna, na vyote kwangu vilikuwa kitu kimoja. Mama mkubwa alipitisha mkono humo kama mtu anayechagua uzi wa kushonea, akashika kimoja.

"Huu."

"Umejuaje, mama?"

"Wewe mama yako ukimwona kwa mgongo humjui?"

Akaufuata uzi ule mpaka ulipoingia ardhini. Alichimba kwa jembe, kisha kwa mti uliochongwa ncha, kisha akaviweka vyote pembeni na kulala ubavu. Shavu likagusa udongo, mkono ukazama shimoni mpaka begani. Akafumba macho.

"Lala vizuri, shoga," yule Mmakua akasema. "Utadhani unainyonyesha ardhi!"

"Na wewe chimba. Usije ukaniomba wa kuonja."

Tak. Mkono ukatoka na mng'oko. Ukarudi. Tak. Muda wote huo walikuwa wakizungumzia harusi ya mtu, nani alikula na nani hakualikwa, na mkono kule chini ukawa unatembea kama una macho yake. Nilisimama pale mdomo wazi. Alipomaliza alirudisha udongo wote, akaukandamiza kwa kiganja. Nikadhani anafukia ili mbuzi wasije wakatumbukia.

Kitu kimoja tu kilinikera. Ming'oko yake yote ilikuwa imekatika upande wa juu. Wiki ile, stendi, mwanamume mmoja aliyevaa shati la kupigwa pasi aliigeuzageuza kwenye beseni, akaguna, "Mbona vipande vipande?" akaenda zake. Mama mkubwa hakujali. Mimi niliona aibu kwa niaba yake mpaka nikashindwa kula mchana. Nikajiambia nitamwonyesha namna ya kuchimba vizuri.

Nafasi ilipatikana walipokwenda wote wawili msibani Chilangala. Nilishuka peke yangu. Sikuweza kuutambua uzi, kwa hiyo nilikwenda kwenye nyuzi nilizokuwa nimemwona yeye akizishika siku zilizotangulia na kuziacha za baadaye, nikachimba hapo. Nilichimba kwa pembeni, taratibu, nikipanua shimo mpaka mmea wote ukaonekana: kichwa kigumu kama ngumi ya mtoto mchanga, na chini yake ming'oko minne, mitano, inaning'inia. Nikakiinua chote kwa mikono miwili. Hakikukatika kitu. Jua lilipofika utosini nilikuwa na vichwa kumi na kimoja, na kucha zangu zilikuwa zinatoka damu, na nilikuwa na furaha.

Walirudi mchana. Mkeka ulikuwa tayari uani.

"Shikamooni, mama."

"Marahaba." Mama mkubwa akachuchumaa. Aliokota shada moja, akaligeuza, akagusa kichwa kwa kidole gumba. Nilikuwa nikisubiri kusifiwa.

"Mtoto kavuna na ya mwakani!" akasema shoga yake.

"Umeichimba wapi?"

"Kule kule kwako. Hakuna hata mmoja uliovunjika, mama."

"Naona," akasema.

Kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na ningeona afadhali anichape. Mng'oko unavunjwa ili kichwa kibaki shimoni. Kikibaki na kufukiwa, mvua zikija kinaota na kuzaa tena. Shimo moja nililofukua, la karibu na kichuguu, alionyeshwa na mama yake, yaani bibi yangu, akiwa hajavunja ungo. Na bibi alionyeshwa na mama yake.

Nilikaa chini. Pale nilipoona pori palikuwa na shamba. Halikuwa na mpaka wala safu. Wanaume walikatiza hapo kila siku kwenda kukata fito wakaona kichaka tu. Lilikuwa limetunzwa kwa mikono ya wanawake iliyoingia mashimo yale yale tangu kabla mimi sijazaliwa, na mimi nimeling'oa asubuhi moja.

Hakubadili hata kanga ya msibani. Alivikata vichwa kutoka kwenye ming'oko, akavifunga kwenye kitenge kilicholowa, tukashuka wote watatu. Nilikuwa nimevichanganya. Nilimwambia hivyo, nikilia. Akafungua kitenge na kuanza kuvigeuza kimoja kimoja.

"Hiki cha kichuguuni. Hiki kilikua kikikwepa jiwe, ona kilivyopinda. Hiki cha mchanga, kirefu, hakijapata shida."

Kila kimoja kilirudi kwenye shimo lake. Alinilaza ubavu, nikaingiza mkono, nikakiweka, nikafukia.

"Vitaota, mama?"

"Sijui. Mvua itasema."

"Na visipoota?"

"Mwakani tutanunua ming'oko stendi, kama watu wa mjini."

Shoga yake akacheka. Mama mkubwa hakucheka, na hapo ndipo nilipojua anaogopa.

Alinikataza kufukua kutazama. Nilivumilia mwezi wa nane na wa tisa. Mwezi wa kumi, watu wakiwa wanaokota korosho, nilijificha nikaenda kwenye shimo moja na kuondoa udongo kwa vidole. Kulikuwa na chipukizi jeupe, jembamba kama njiti ya kiberiti. Likavunjika mkononi mwangu. Nilifukia, nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu. Katika siku hizo niligundua pia kwamba mama mkubwa alikuwa akienda bombani kwa njia ya juu, iliyo ndefu, na ndoo kichwani. Nikaamini anaikwepa njia ya chini, inayopita kichakani, kwa sababu ya hasira juu yangu.

Mvua zilipokolea tulikwenda kutazama. Vichwa saba vilikuwa vimepanda, nyuzi za kijani zinautafuta mti. Mama mkubwa aligusa kila uzi kwa ncha ya kidole. Mashimo matatu yalikuwa kimya. Alichimba kidogo, vichwa vilikuwa vimeoza. Akafika kwenye lile la nne, akachuchumaa, akautazama udongo tu, bila kuugusa.

"Hapa pana mkono wa mtu."

Nilichuchumaa kando yake. "Wangu, mama. Nilitaka kuona."

Alipangusa udongo vidoleni. "Hata mimi nilitaka kuona. Kila siku. Unadhani njia ya juu nilikuwa napitia raha? Ningepita hapa ningefukua."

Kiangazi kilichofuata hatukuvigusa vile saba. Alikwenda kuchimba mbali zaidi, ng'ambo ya bonde, akaondoka alfajiri na kurudi na beseni nusu. Mikorosho miwili ilikosa salfa, ikakauka maua. Hakunikumbusha hata mara moja. Nilikuwa nikimbebea beseni, na njiani alinionyesha nyuzi mpaka nikaanza kutofautisha baadhi yake. Nyingine bado nakosea.

Mwaka huu, mwezi wa sita, alisimama kwenye shimo la kichuguuni akanipa ule mti wenye ncha. Nilichimba, nikalala ubavu, shavu udongoni. Niliomba nimulike kidogo kwa tochi ya simu.

"Zima," akasema. "Fumba macho."

Mkono ulizama mpaka begani. Ardhi ya chini ilikuwa ya baridi. Nikapapasa mawe, nikapapasa mzizi wa mti, kisha nikaigusa: minne, inaning'inia pamoja kama vidole. Niliishika na kwa muda sikuweza kufanya kitu. Nilihisi ni mimi niliyeshikwa mkono, na mtu ambaye sikuwahi kumwona.

"Umelala?" shoga yake akauliza. "Tukuletee mto?"

Nikavunja. Tak.

Ulitoka umekatika vibaya, nusu yake imebaki kule. Mama mkubwa aliupokea, akaupangusa kwenye kanga, akautia kwenye beseni bila kuutazama mara mbili. Nikarudisha mkono kuchukua wa pili. Wa tatu na wa nne niliiacha na kichwa chake, iwe ya mwakani. Nikafukia, nikakandamiza kwa kiganja.